Hatua za Chiriku

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa kabisa: Chiriku alirudi kutoka shule na mama yake hakumsikia.

Kwa mama mwingine hilo si jambo. Watoto huingia na kutoka, nani ana muda wa kuwategea sikio? Lakini mama huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vishindo, aliishi kwa masikio yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za miguu kwenye filamu. Wewe ukiona askari anakimbia kwenye skrini unadhani unasikia buti zake. Kumbe unamsikia Mama Vishindo, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, akikimbia palepale aliposimama ndani ya studio, buti za watu miguuni, kinasa sauti kikiwa karibu na vidole vyake. Kwa miaka ishirini alikuwa ametembea kwa niaba ya maharusi, wezi, mawaziri na maiti waliofufuka. Alimjua kila jirani kwa kishindo chake. Na kwenye korido ya nyumba yake kulikuwa na kigae kimoja kilicholegea, cha tatu kutoka mlangoni, ambacho hakuna aliyekikanyaga kisilie ko.

Siku hiyo alikuwa jikoni anakata vitunguu. Mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yamepofuka miaka mitatu nyuma, alikaa kwenye kiti akichambua maharage kwa vidole.

"Huyu mtoto leo kachelewa," bibi alisema.

"Bibi, mimi niko hapa," Chiriku akajibu. "Nimekuja zamani."

Ungo uliruka, maharage yakasambaa sakafuni. Mtoto alikuwa amesimama katikati yao, begi mgongoni, miguuni viatu vyake vya shule, viatu vigumu ambavyo kila siku vilitangaza ujio wake tangu kona ya barabara. Alikuwa na miaka tisa na hakujua kunyamaza, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

"Umepitia wapi?" mama yake aliuliza.

"Mlangoni."

"Umekiruka kigae?"

"Sijaruka kitu, Mama. Mbona unaniangalia hivyo?"

Mama Vishindo alifuta mikono, akamtuma aende mpaka mlangoni na kurudi. Chiriku akaenda, akarudi. Alikanyaga kigae cha tatu mara mbili, na mama yake alikiona kwa macho yake kikizama na kuinuka. Hakikulia. "Piga mguu chini," alimwambia. "Kwa nguvu." Mtoto akapiga, akapiga tena, mpaka vumbi likatimka na soksi zikashuka, na ilikuwa kama kutazama filamu iliyozimwa sauti. Bibi, aliyekuwa akigeuza uso huku na huku, aliuliza polepole mbona wote wawili wamenyamaza.

Mama Vishindo alijua hatua za mwanawe zilikokwenda. Alikuwa amezitoa yeye mwenyewe.

Miezi mitatu nyuma alikuwa amefanya kazi kwenye filamu moja iliyoitwa Aliyepanda Ngazi. Tuambiane ukweli, ilikuwa filamu mbovu. Shujaa wake alikuwa mpelelezi asiye na mbele wala nyuma, mtu wa kukunja uso tu, ambaye hata mkewe alionekana kumsahau kila baada ya dakika kumi. Kulikuwa na kisu kilichoonyeshwa mara tatu kwa muziki wa kutisha, na hakikukata hata nyanya. Kulikuwa na jirani mwenye siri kubwa aliyesema, "Kesho nitakueleza yote," halafu kesho ikafika na jirani hayupo. Na kulikuwa na jini. Jini lenyewe halikuonekana, maana fundi wa vinyago aligombana na dairekta akaondoka na kinyago chake. Kwa hiyo dairekta akaamua jini litasikika tu. Lingeingia kwenye nyumba ya mpelelezi mchana kweupe, lipande ngazi kumi na nne, liingie chumba cha juu na kufunga mlango.

"Nataka hatua za mtoto," dairekta alisema. "Mtoto akitembea peke yake kwenye nyumba tupu, nani hataogopa?"

Mama Vishindo angeweza kuiga mtoto. Angeweza kuiga hata mbuzi mjamzito. Lakini ilikuwa siku ya mwisho, mgongo ulimuuma, na Chiriku alikuwa kwenye benchi la studio anakula ndizi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Akamsimamisha mbele ya kinasa sauti. Chiriku akakikanyaga kisanduku cha ngazi cha mbao mara kumi na nne, akafunga mlango wa mazoezi na kucheka. Kicheko wakakikata. Hatua zikabaki.

Basi jini lile halikuwa na sura, wala jina, wala sauti. Kitu pekee lilichokuwa nacho duniani ni hatua za mtoto wake. Na baya zaidi, lilipofunga mlango wa chumba cha juu, filamu ikalisahau. Mpelelezi akafukuza gari jeusi, mkewe akapona ugonjwa ambao hakuna aliyeueleza, mdogo wake akafunga ndoa, ikaandikwa MWISHO. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa, mtu mmoja wa viti vya nyuma alipaza sauti gizani: "Na jini je?" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Kuanzia hapo ikawa mzaha wa mji. Ukichelewa kazini, wenzako wanakuuliza, na jini je? Ukipoteza funguo, na jini je? Dairekta akazima simu wiki mbili.

Mama Vishindo naye alicheka wakati ule. Sasa hakuona cha kuchekesha.

Kesho yake, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali, walikuwa sebuleni watatu. Kwanza ilikuja harufu, ya vumbi linaloungua juu ya taa ya moto, harufu ya studio. Halafu juu ya dari kitu kikaanza kupanda. Ko. Ko. Ko. Viatu vidogo, vigumu, kwenye mbao. Bibi akainua uso. Mama Vishindo alihesabu bila kutaka: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Mlango ukafungwa. Kikawa kimya.

Nyumba yao haikuwa na ghorofa.

"Mama," Chiriku alinong'ona, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko jana, "zile ni za kwangu."

"Nyamaza, mwanangu."

"Halafu leo mwalimu hakuniita jina. Aliita wote. Nikanyoosha mkono, akaniangalia kama hanioni."

Usiku ule Mama Vishindo alilala amemkumbatia. Asubuhi alimshika mkono wakaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, aliyeishi nyuma ya duka la vitambaa na kutwa nzima akishona foronya kwa cherehani. Hakutikisa kibuyu wala hakukunja macho. Alimtaka Chiriku atembee, akatega sikio, akauondoa mguu wake kwenye cherehani.

"Hatua zake ziko wapi?"

"Kwenye filamu," Mama Vishindo alijibu kwa aibu. "Inaitwa Aliyepanda Ngazi."

Mganga alivua miwani. "Ile takataka?"

"Umeiona?"

"Nimeiona yote, kwa ujinga wangu. Nilikaa mpaka taa zikawashwa nikisubiri lile jini litoke. Kisu sikujali. Yule jirani muongo sikujali. Lakini jini! Unalikaribishaje jini ndani ya nyumba ya watu halafu unaenda kula harusi?" Alizungumza kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, kisha akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Hadithi ikiita kitu, lazima ikiage. Hilo lenu liliitwa kwa mchezo, likapewa miguu ya kweli, likafungiwa chumbani. Na sasa mji mzima unauliza, na jini je? Kila anayeuliza analiita tena. Linatafuta pa kutokea, na njia pekee linayoijua ni huyu mtoto."

"Litamfanya nini?"

"Litamfanya lilivyofanywa. Juzi limechukua hatua. Leo sauti inakonda, naisikia. Halafu mtaandaa meza na kumsahau sahani. Halafu mtakaa siku nzima bila kukumbuka kwamba kuna mtu mnamngoja. Hatakufa. Mtamsahau tu, nyote, hata wewe."

Mama Vishindo alitaka kulia, lakini machozi yaligoma. Alimvuta mtoto mapajani pake, mtoto mkubwa wa miaka tisa, akamkalisha kama kitoto kichanga.

"Nifanye nini?"

"Litoeni kwa njia liliyoingilia. Lishuke ngazi, litoke nje ya nyumba, liende kwao. Lakini litashuka kwa miguu. Likishuka kwa hatua za mtoto, zinakwenda nalo moja kwa moja. Lazima lipewe nyingine, livue za mtoto."

"Zangu."

"Hutazipata tena."

"Nimeshatembea za kutosha," alisema Mama Vishindo. "Nimetembea za watu elfu."

Dairekta walimkuta studio amejifungia na karatasi za filamu mpya. Aliposikia habari alijaribu kujitetea kidogo, kwa mazoea tu. "Mimi sikulisahau. Ule ni ubunifu. Nimewaachia watazamaji wafikirie."

"Wamefikiria," mganga akamjibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Halafu dairekta alimtazama Chiriku akitembea juu ya mbao za studio bila kishindo. Alitafuta kwenye mashine akapata kipande kilichotupwa: ngazi tupu, jua likiingia dirishani, mlango wa juu ukiyumba, kamera ikishuka taratibu mpaka mlango wa mbele na kokoto za uani. Sekunde arobaini.

Mganga alimshika Mama Vishindo mabega. "Utavua viatu vya watu, uingie na miguu yako mitupu. Lichukue mlangoni, lishushe, toka nalo nje. Picha ikiisha, wewe endelea. Tembea nalo mpaka usikie kimya cha kweli, utakijua. Usisimame kabla ya hapo. Umenielewa? Usisimame."

"Nimekuelewa."

Taa nyekundu ikawaka. Sheria ya studio ni kwamba taa hiyo ikiwaka hakuna anayebaki ndani ila fundi, kwa hiyo mganga na Chiriku wakakaa nje kwenye benchi, na dairekta nyuma ya kioo na spika zake za masikioni. Mama Vishindo alivua viatu, akavaa spika zake za masikioni, akasimama juu ya kisanduku cha mbao. Picha ikaanza.

Alisikia mlango kwanza. Si wa kwenye picha, maana ile picha haikuwa na sauti. Ulikuwa mlango wa karibu, karibu sana na shavu lake, na pamoja nao ile harufu ya vumbi la moto, na kitu kikasimama upande wake wa kulia, kifupi, usawa wa kiuno chake, mahali hasa Chiriku alipozoea kusimama wakivuka barabara. Hakugeuka. Akakanyaga ngazi ya kwanza, na kando yake, ko, viatu vidogo vikakanyaga pia, akakanyaga ya pili na vikamfuata, ya tatu, ya nne, na kila aliposhuka alibonyeza mguu kwa uzito wake wote, kisigino halafu kidole, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo kama ulivyoburuta tangu alipojifungua, akitembea kwa mara ya kwanza kazini kama yeye mwenyewe na si mtu mwingine, na akasikia jinsi ko ya mtoto ilivyoanza kufifia na ya kwake kuongezeka, mpaka ngazi ya kumi akawa anasikia nyayo zake mara mbili, moja chini yake na moja pembeni, kisigino kwa kisigino, mburuto kwa mburuto, na nywele zikamsimama kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwiga yeye, na ngazi ya kumi na nne ilipokwisha akavuka mlango wa mbele, akaingia kwenye sinia la kokoto lililowekwa sakafuni, hatua moja, ya pili, ya tatu, na wakati huo miguu ya chini yake ikawa haisikiki tena, ikabaki ile ya pembeni peke yake, ikisaga kokoto, ikienda.

Picha ikaisha. "Kata!" dairekta alipiga kelele kwenye spika. "Safi kabisa!"

Na Mama Vishindo akasimama.

Miaka ishirini ndiyo iliyosimama, si yeye. Fundi wa vishindo akisikia kata huganda palepale, mguu hewani, pumzi kifuani, asiharibu mwisho wa sauti. Aliganda hivyo kwa sekunde nne, kama alivyofunzwa. Zile hatua za pembeni nazo ziliganda.

Alifungua mdomo amwambie dairekta kwamba bado. Lakini kabla hajasema, nje ya mlango alisikia ko, ko, ko, ko, viatu vigumu vikikimbia kwenye sakafu, na sauti nene ya Chiriku ikiita, "Mama! Nasikika! Nisikilize!" Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Vishindo alimdaka mtoto, akalia mpaka kamasi, akamwambia ruka, akaruka, akamwambia tena. Dairekta naye alikuwa anafuta macho nyuma ya kioo.

Mganga alisimama mlangoni. "Ulilifikisha?" aliuliza.

Mama Vishindo, uso ukiwa kwenye nywele za mwanawe, alitikisa kichwa kukubali.

Nyumbani wakazoea. Mama Vishindo hakuwa tena na kishindo. Kazi ilikuwa imekwisha, akapewa nyingine ya kusafisha sauti za wengine kwenye mashine. Bibi alilalamika kwamba binti yake anamnyemelea kama paka, basi Mama Vishindo akafunga shada la funguo kiunoni ili mama yake amsikie. Mwalimu aliomba radhi kwa kuruka jina. Chiriku aliongea kana kwamba anafidia maneno ya wiki nzima. Filamu ilirekebishwa, kile kipande kikaingizwa, na mzaha wa mji ukafa wenyewe.

Alhamisi moja alasiri Mama Vishindo alikuwa uani anaanika mashuka. Alikuwa ameweka funguo dirishani, zilikuwa zinamchoma kwa jua. Kupitia wavu wa dirisha alimwona Chiriku mezani na daftari lake, na bibi na ungo wake.

"Mama," Chiriku alisema bila kuinua kichwa, "mbona jana ulipokuja kunichukua shule hukunisemesha?"

"Jana sikuja shule."

"Ulikuja. Ulikuwa nyuma yangu njia nzima. Nilisikia mguu wako ule unaoburuta. Wala sikugeuka, nilijua ni wewe."

Shuka lilimtoka mikononi. Na wakati huohuo, upande ule mwingine wa nyumba, mlango wa mbele ukafunguka. Kisigino halafu kidole. Mguu wa kushoto ukaburuta. Kigae cha tatu kikalia ko. Ilikuja na ile harufu, ya vumbi linaloungua.

Bibi aliinua uso wake usioona, akatabasamu kwa furaha. "Afadhali, mwanangu. Leo umekuja na miguu yako."

Chiriku aliangalia dirishani, kisha koridoni. Alikuwa mtoto wa fundi wa vishindo. Tangu azaliwe alifundishwa kuamini masikio. "Mama?" aliita kuelekea koridoni, na kiti chake kikakwaruza sakafu.

Mama Vishindo alikimbia. Alizunguka nyumba nzima akipiga kelele jina la mwanawe, na ardhi haikutoa sauti hata moja chini yake. Alipofika mlango wa jikoni alikuwa tayari amezisikia, juu, zinapanda: hatua za mwanamke na hatua za mtoto, sawasawa, bila haraka, kama watu walioshikana mikono. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne. Mlango ukafungwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Daftari lilikuwa wazi, kalamu bado inabingirika.

"Mama!" alimshika bibi mabega. "Chiriku yuko wapi?"

Bibi alishtuka, akaielekeza shingo kwenye sauti. Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, vidole vikiwa ndani ya maharage, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia kwa moyo wote.

"Chiriku," alisema mwishowe. "Chiriku ndiye nani, mwanangu?"

Mama Vishindo aliiwahi kalamu kabla haijaanguka. Akavuta daftari, akaandika jina, akaandika miaka tisa, ndizi, viatu vigumu, anacheka akifunga mlango, akaendelea kuandika upesi kila alichokuwa bado anakikumbuka.